Watu Watano Wenye Maji Mdomoni

Mpira wa Kimarekani niliujifunza nikiwa nimeupa mgongo. Si maneno ya kupamba, ndivyo ilivyokuwa. Kwa misimu saba nilifanya kazi ya kusimamia watazamaji kwenye uwanja mkubwa wa Wembley, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, na timu za Wamarekani zilipokuja kucheza pale mimi nilikuwa mstari wa mbele kabisa, karibu na nyasi kuliko matajiri wenye tiketi za bei mbaya. Tatizo ni moja tu. Kazi ya mtu aliyevaa kizibao cha njano ni kutazama watu, siyo mchezo. Ukigeuza shingo kidogo kuangalia mpira, msimamizi wako anakuona kutoka ng'ambo ya uwanja na kukuita kwenye redio huku wenzako wote wanasikia.

Kwa hiyo mchezo niliusoma kwenye nyuso. Watu wakivuta pumzi kwa pamoja, najua mpira umerushwa mbali. Wakishika vichwa, umeanguka. Wakinyamaza halafu wakaguna kama wageni walioambiwa wali umeisha, najua mwamuzi ametupa kile kitambaa chake cha njano na kuna timu inarudishwa nyuma. Ningeweza kukutangazia mechi nzima redioni bila kuona hata kiatu cha mchezaji. Mke wangu anasema natia chumvi. Haya, nusu ya mechi.

Naanza na hilo ili usishtuke utakaposikia kwamba mtu wa Singida, mwenye elimu ya darasa la saba, mwimba besi wa mstari wa nyuma katika kwaya ya kanisa, alikuja kuwa kocha msaidizi wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu hapa London.

Chuoni penyewe niliingia kwa mlango wa jioni. Nilikuwa na miaka arobaini na sita nilipoanza yale masomo ya watu wazima, Kiingereza Jumatatu na hesabu Alhamisi, tukiwa darasani wapishi, madereva na makea wa kutunza wazee ambao kila mmoja alikuwa ameshafanya shifti yake ya siku na alisinzia kwa zamu. Siku nilipopata cheti mke wangu alikibandika kwenye friji. Nikakihamishia sebuleni. Akakirudisha. Tukavutana hivyo wiki nzima mpaka tukakubaliana kikae kwenye korido, mkabala na mlango wa choo, mahali ambapo mgeni hana namna ya kukikwepa.

Ukiwa na cheti kimoja unaanza kusoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi moja kwenye korido ya chuo ilisema timu ya mpira wa Kimarekani inatafuta mtu mwenye leseni ya kuendesha basi dogo, na kwamba mwenye uzoefu wa kufundisha atafikiriwa kwanza. Leseni ninayo. Nikaenda.

Kocha mkuu alikuwa Mwingereza mwembamba, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwenye filimbi shingoni na sandwichi mfukoni. Tulikaa kwenye ngazi za chumba cha kubadilishia nguo.

"Huu mchezo unaujua?" akaniuliza.

"Nimefanya kazi Wembley kwenye mechi za Wamarekani misimu saba," nikasema. "Mstari wa mbele."

Akanitazama kwa heshima kubwa. Sikuona sababu ya kuiharibu heshima hiyo kwa kuleta habari za mgongo.

"Na kufundisha?"

"Kuna kikundi cha watu thelathini. Wanakwenda hatua moja, kama mtu mmoja."

Hilo nalo lilikuwa kweli kabisa. Kikundi ni kwaya yetu. Anayewafundisha ni mke wangu. Mimi nilihamishiwa mstari wa nyuma mwaka wa pili kwa sababu nilikuwa naingia kwenye wimbo kabla ya wenzangu. Lakini yeye hakuuliza hayo, na mimi huwa sipendi kumjaza mtu maelezo ambayo hajayaomba.

Huko Marekani, nimeambiwa, kocha wa timu ya chuo analipwa kuliko gavana, na msaidizi wake ana nyumba yenye bwawa la kuogelea. Hapa kwetu msaidizi alilipwa nauli na chai. Watazamaji wetu walikuwa wachumba wa wachezaji, wazazi wawili watatu, na mbwa mmoja ambaye hakukosa mechi. Mwaka wa kwanza niliendesha basi, nikabeba chupa za maji, nikakusanya koni. Wachezaji walinipenda, ila hawakuniita kocha. Waliniita Anko. Kosa ni la mchezaji mmoja, jitu la mtaa wa Kenton lenye mwili wa kabati la nguo, ambaye wazazi wake ni Wakenya. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza, isipokuwa hilo moja. Siku ya kwanza kaniita Anko kwa adabu zake za nyumbani, na timu nzima ikadhani ndilo jina langu. Waingereza, Wapolandi, Wanaijeria, wote Anko. Hata mwamuzi mmoja aliniuliza, "Anko, mpira wa akiba uko wapi?"

Sikuchukia. Lakini nitasema ukweli kwa sababu bila huo hadithi hii haina maana: nilitaka kuitwa kocha. Nilitaka kwa hamu ya mtoto. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuonyeshwa kazi na wengine, fagia hivi, simama pale, usigeuke nyuma. Nilitaka mara moja tu mimi ndiye nionyeshe, na mtu aende nyumbani akiwa anajua kitu alichokitoa kwangu.

Nafasi ilikuja mwaka wa pili. Kocha aliyekuwa akifundisha ukuta alihamia mji mwingine, na kocha mkuu akaniambia, "Anko, wachukue wale watano."

Nieleze ukuta ni nini, maana ndio kisa chenyewe. Katika mchezo huu kuna wanaume watano wanene wanaojipanga kwenye mstari mmoja mbele ya yule mrusha mpira. Wa kati anainama, na anapousikia wito anaupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma kwa mrushaji. Hapo wale watano wanasukumana na wapinzani ili mrushaji asiuawe. Wengine wote hawagusi mpira, hawafungi, hakuna anayewapiga picha. Lakini wana sheria moja kali kuliko ya mwezi wa Ramadhani: mpira usipotikisika, na wao wasitikisike. Bega likicheza tu, filimbi, kitambaa cha njano, rudi yadi tano.

Wa kati wangu alikuwa yule kabati wa Kenton.

Nilipowakuta, kila mmoja alikuwa anasukuma kwa ratiba yake. Huyu kaenda, yule bado anafikiria, wa pembeni amekwishaanguka. Nikawatazama mazoezi mawili, nikacheka moyoni. Ugonjwa huu naujua, nikajiambia. Hawa hawana hatua. Na hatua, ndugu msomaji, kama kuna kitu kinachopatikana kwa wingi katika kwaya za kwetu, ni hiyo.

Nikaazima kinanda kidogo cha betri kutoka kanisani. Nikawapanga kwenye nyasi Jumatano mchana, siku ambayo vyuo hapa huwaachia wanafunzi wakacheze, nikawafundisha ile hatua tunayoingia nayo kutoka mlangoni: kushoto, kulia, shuka, sukuma. Kushoto, kulia, shuka, sukuma. Mwanzoni walicheka.

"Anko, hii ni harusi?" akauliza mmoja.

"Ndiyo. Na wewe ndiye mama mkwe. Shuka chini."

Wiki tatu. Kufika wiki ya nne walikuwa wanakwenda kama mlango wa gereji unavyofunguka, wote kwa mara moja. Waliisukuma ile mashine nzito ya kufanyia mazoezi ya kusukuma mpaka ikatoka nje ya uwanja na kuvuka barabara, ikasimama kwenye kituo cha basi. Haya, ilifika ukingoni mwa nyasi. Lakini kocha mkuu alinikumbatia na sandwichi yake, mayai yakanibaki kifuani, na mimi nilirudi nyumbani nimesimama kwenye treni ingawa viti vilikuwa tele, kwa sababu mtu mkubwa hakai hovyo.

Basi tukaenda kwenye mechi.

Mrushaji wetu akasimama nyuma ya ukuta na kuanza kuita, kama wanavyofanya, maneno ya namba na rangi ambayo hayana maana yoyote mpaka lile moja walilokubaliana. Alipofungua mdomo tu, wanangu wote watano wakaanza kuyumba. Kushoto, kulia. Taratibu, kwa uzuri kabisa, kwa umoja ambao ungemtoa machozi askofu. Filimbi. Kitambaa cha njano. Rudi yadi tano.

Wakajipanga tena. Mrushaji akaita. Kushoto, kulia. Filimbi.

Siku ile ukuta wangu ulianza mapema mara kumi na nne. Mke wangu anasema niseme tisa. Sema tisa. Tulirudi nyuma sana hata nikaogopa tutaishia kwenye maegesho ya magari.

Kosa lilikuwa langu na nililijua hapo hapo, nimesimama na chupa za maji mikononi. Kwaya za kwetu haziingii kwenye wimbo kutoka kwenye utulivu. Kinanda hupiga mistari miwili ya mwanzo, na ndani ya ile mistari miwili watu wote tayari wanatembea pale pale walipo, wakijipasha moto. Sauti ya kwanza inapotoka, miguu imeshaianza kazi zamani. Hatuhesabu kama ni kuanza mapema. Kwetu asiyeyumba wakati ule ndiye mwenye kasoro, watu hugeuka kumtazama kama anaumwa. Nami nilikuwa nimewafundisha vijana wale kila kitu, pamoja na huko kuyumba, na wito wa mrushaji kwao ulikuwa kinanda.

Kwenye basi la kurudi kocha mkuu alikaa kiti cha mbele, karibu yangu. Nyuma walikuwa wamelala wote.

"Januari anakuja mwanafunzi wa shahada ya uzamili," akasema, macho barabarani. "Mmarekani. Amecheza ukuta miaka minne kwenye chuo cha kwao."

"Vizuri," nikasema. Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Tuna mechi moja kabla ya Krismasi. Ukuta ukianza mapema mara moja, sawa. Mara mbili, sawa. Mara ya tatu, Anko, nitampa yeye wale watano. Sina njia."

"Na mimi?"

Akafikiria kwa upole. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana iliuma. "Basi litahitaji dereva siku zote," akasema.

Nikarudi nyumbani. Nilikula, nikasifu mchuzi, nikasifu chumvi ya mchuzi. Mke wangu ni nesi, amezoea watu wanaosema hawaumwi popote.

"Baba watoto, umetenda nini?"

"Mimi?"

"Umesifu mchuzi mara tatu na ni wa jana."

Nikamweleza yote, mpaka lile la watu thelathini wanaokwenda hatua moja. Hapo aliweka kijiko chini.

"Umemwambia Mzungu wa watu kwamba kwaya yangu unaifundisha wewe?"

"Sikusema naifundisha. Nilisema ipo."

Alicheka mpaka akainuka akaenda kunywa maji. Aliporudi alikuwa hacheki. "Na ile hatua nani kakuambia unaijua? Mimi nilikupeleka nyuma kwa sababu gani? Wewe mwenyewe unaanza kabla ya watu. Ulichowafundisha ni kosa lako."

Hilo halikuwa limenijia.

Jumatano iliyofuata alikuwa na siku ya mapumziko. Nilimkuta uwanjani kabla yangu, amevaa koti lake refu la kazini na kilemba, kashika mfuko wa vikombe vya karatasi. Mvua ilikuwa ile ya London isiyoamua. Kocha mkuu alisimama kando yake na mwavuli, amenyamaza kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Anti," akasema yule wa Kenton. Kumbe hilo nalo analijua. Mwaka mzima hajawahi kunipa mimi.

"Marahaba, mwanangu. Haya, jipangeni nione."

Wakajipanga, mrushaji akaita, wakayumba. Mke wangu akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Kutembea mmefundishwa," akasema, nami nikatafsiri kwa Kiingereza, nikipunguza makali. "Kusimama hamjafundishwa. Kusimama nako ni kazi, siyo kukosa kazi." Akanigeukia. "Wape maji. Kila mtu funda moja. Asimeze."

Hii ni dawa yake ya siku nyingi. Aliigundua kwa waimba sauti ya kwanza waliokuwa wakiwahi kuingia kila Pasaka. Anasema mtu anayetaka kuanza huvuta pumzi kwanza, hata kama mwenyewe hajui, na ukiwa na maji mdomoni huwezi kuvuta pumzi bila kujisikia. Wimbo ukianza unameza, unaimba. Ukiwahi, unajimwagia, na kila mtu anaona.

Wakapiga mafunda. Wakainama. Mrushaji akaita, na yule wa Kenton akapuliza maji yote juu ya viatu vyangu. Wenzake walicheka, kwa hiyo na wao wakapuliza.

"Tena," akasema mke wangu.

Walirudia mpaka vikombe vikaisha, wakaanza kunywa kwenye chupa. Mmoja alisema kwamba hajawahi kunywa maji mengi hivi tangu azaliwe. Mwingine aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akaambiwa asubiri mwisho wa ubeti. Ilipofika saa kumi, giza la Desemba likianza kushuka, mrushaji aliita rangi zote anazozijua na namba zote mpaka akaishiwa, akaanza kutaja vituo vya treni, na wale watano waliinama pale mashavu yamevimba kama watu wenye jino bovu, hakuna aliyetikisika. Hata mbwa alikaa.

"Na wewe," mke wangu akaniambia, akinipa kikombe.

"Mimi ni kocha."

"Ndiyo. Kunywa."

Nilimeza kabla ya wito. Hatukulizungumzia tena hilo.

Tulifanya hivyo kila mazoezi. Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa pembezoni mwa mji uliokuwa tope tupu, na Jumapili hiyo hiyo saa nane ilikuwa ibada yetu ya mavuno. Sisi tunaazima kanisa kwa Waingereza. Wao wanasali asubuhi, sisi mchana, tukiingia wao bado wanaosha vikombe vya chai. Mke wangu alinipa ruhusa mlangoni akiwa na sare ya kwaya mkononi.

"Saa nane kamili," akasema. "Siyo saa nane ya Singida."

Wito wa kwanza kabisa, wa pembeni kushoto akatikisika. Mara moja. Alinitazama kutoka ndani ya helmeti kama mtu aliyevunja sahani ya ukweni. Nikamwonyesha shavu langu nimelijaza hewa. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Baada ya hapo walisimama. Sijui nikuelezeje walivyosimama. Mvua inawapiga, wapinzani wanawatukania mama zao na bibi zao, wao kimya, mpaka mpira unatikisika, halafu kushoto, kulia, shuka, sukuma. Nilisahau kugawa maji.

Mara ya pili ilikuja katika robo ya mwisho, na haikuwa haki. Wa pembeni kulia aliteleza kwenye tope kabla ya wito, na mwamuzi kwenye kitabu chake hana ukurasa wa tope. Filimbi. Kitambaa. Kocha mkuu hakunitazama. Kutonitazama kwake kulinitosha.

Basi ikabaki dakika moja na nusu. Tulikuwa mbele kwa pointi mbili tu. Timu hupewa majaribio manne kusogea yadi kumi. Ikizipata, inapewa manne mengine na kubaki na mpira. Tulikuwa kwenye jaribio la mwisho na tumebakiza yadi moja, urefu wa kitenge kilichokunjwa mara mbili. Tukiipata, tunashika mpira mpaka muda unaisha. Tukiikosa, tunawapa wao, na walikuwa na mpigaji wa mbali, wa kuupiga mpira kwa mguu na kuchukua pointi tatu, ambaye sikumpenda hata sura.

Kocha mkuu akaomba muda. Akaja kwangu, siyo kwa mrushaji.

"Kuna njia moja," akasema kwa sauti ya chini. "Tusicheze kabisa. Mrushaji anaita kwa nguvu, anaita tena, anabadilisha sauti, ili wale wa upande mwingine wadhani mpira unatoka na waruke. Wakiruka wao kwanza, wanaadhibiwa wao, yadi tano, mpira ni wetu." Akafuta miwani. "Lakini sauti hiyo hiyo ukuta wetu wanaisikia. Wakiruka wetu, ni yadi tano nyuma, na ni mara ya tatu. Anko, watasimama?"

Mimi ni mtu ninayeweza kukujibu swali lolote kabla hujalimaliza. Siku hiyo nilisubiri. Niliwatazama wale watano, matope mpaka kwenye kope. Nikajikuta sina cha kuongeza chumvi.

"Wape wito mrefu," nikasema. "Watasimama hata ukiwaacha mpaka Krismasi."

Yule wa Kenton alikuwa amekuja kuchukua maji. Alikuwa ameyasikia. Akapiga funda, akatema, akasema kwa Kiswahili, cha Nakuru ya mama yake, "Tutasimama, kocha." Akarudi kwenye tope lake.

Na mimi, mtu mzima, nikashindwa kutazama. Nikageuka. Nikaupa uwanja mgongo kama nilivyofundishwa kazini, mikono nyuma, nikawatazama watu. Walikuwa labda ishirini, wetu kushoto, wa wapinzani kulia, na mbwa katikati.

Nikasikia mrushaji akiita. Nyuso zikakaza. Akaita tena, kwa nguvu. Mama mmoja upande wetu akaweka mkono mdomoni. Akaita mara ya tatu kwa ile sauti ya ghafla, sauti ya kumshtua maiti, na watu wote ishirini wakavuta pumzi, halafu filimbi, halafu ule mguno. Ule ule wa wali umeisha. Kitambaa kilikuwa kimeshatupwa. Nimeusoma mguno huo misimu saba na sijawahi kukosea, ila mguno haukuambii kitambaa ni cha nani.

Nikatazama kulia. Baba mmoja wa wapinzani alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nikatazama kushoto. Yule mama alikuwa ameutoa mkono mdomoni na anaruka juu ya dimbwi kwa viatu vizuri.

Nilipogeuka, watatu wa upande mwingine walikuwa wamelala juu ya ukuta wangu, na ukuta wangu ulikuwa umeinama vile vile, bado unasubiri. Hawakuwa wamesikia filimbi, au hawakuiamini. Mwamuzi alilazimika kumgusa yule wa kati begani na kumwambia inatosha, simama wima.

Muda ukaisha tukiwa na mpira. Ulikuwa ushindi wetu wa pili msimu mzima, na tuliusherehekea kama wa dunia. Kocha mkuu alinipa nusu ya sandwichi, kitu ambacho sijasikia amewahi kumfanyia binadamu.

"Januari uje mapema," akasema. "Utampokea yule Mmarekani akifika. Atakuwa msaidizi wako."

"Anajua kuyumba?" nikauliza.

"Sidhani."

"Basi hatupotezi muda na yeye. Tutaanza na maji."

Niliwashusha vijana chuoni, nikakimbia, treni mbili na basi moja, nikaingia kanisani saa nane na dakika ishirini, matope mpaka magotini, sare imevaliwa juu ya suruali ya michezo. Kwaya ilikuwa imeshasimama. Nikajipenyeza mstari wa nyuma kati ya mabesi wenzangu. Mke wangu, mbele, hakugeuka, lakini mgongo wake ulisema ameniona. Kinanda kikaanza mistari yake miwili na watu wote wakaanza kuyumba, kushoto, kulia, nami nikayumba nao, moyo umejaa, na kifua kikapanda chenyewe kuchukua pumzi kubwa ya wimbo, mapema mno, ninajijua.

Mwenzangu wa kulia akanigusa kiwiko. Akanikabidhi chupa ndogo ya maji. "Mwalimu amesema ukifika upewe hii," akanong'ona.

Nikapiga funda, nikatulia. Ubeti wa kwanza waliuimba bila mimi, na wote waliniambia baadaye kwamba ulitoka vizuri sana.